Nani Aingie Darasani? Kuchagua Waandishi wa Zama za Azimio

Mwalimu akikabidhiwa somo la fasihi ya Kiswahili ya zama za Azimio la Arusha, huchukua kalamu na kuanza kuorodhesha majina. Kezilahabi hana mjadala. Ebrahim Hussein naye vilevile. Penina Muhando anaingia kwa sababu lazima awepo mwanamke. Shafi Adam Shafi na Said Ahmed Mohamed wanaingia ili Zanzibar isionekane imeachwa nje, na huyo Mohamed akiingia, itakuwaje Mohamed Suleiman Mohamed abaki? Kisha anatafutwa mshairi mmoja wa mapokeo na mwingine wa mashairi huru, halafu mtu anakumbusha kwamba Ruhumbika amesahaulika. Mwisho orodha inafika waandishi 12, muhula una wiki 15, na somo limekwisha kuharibika kabla kipindi cha kwanza hakijafundishwa.

Orodha ya namna hiyo ni kama daladala ya saa kumi na mbili jioni: wote wamepanda, lakini hakuna anayeweza kugeuza shingo amwone aliyesimama naye. Wanafunzi watatafuta muhtasari, watakariri dhamira tano za kila kitabu na wasifu wa kila mwandishi, watajibu mtihani na kufaulu. Waulizwe baadaye kwa nini Kezilahabi na mwanamapokeo Saadan Kandoro wasingeweza kukubaliana hata juu ya shairi ni nini, hawatakuwa na la kusema. Na hilo ndilo lililokuwa la kujifunza.

Ninawashauri walimu, viongozi wa vikundi vya usomaji na yeyote mwenye uhuru wa kupanga vitabu vyake mwenyewe: usianze na majina. Anza na ugomvi. Kila kipindi cha fasihi kina mambo mawili au matatu ambayo waandishi wake waliyagombania, kwa maneno ya wazi au kwa vitabu vyenyewe. Tafuta ugomvi mmoja uliokuwa wa kweli, ambao hata leo mtu mwenye akili timamu anaweza kuchukua upande wowote. Kisha uliza ni nani waliogombana. Waandishi watano wanaojibizana watakifundisha kipindi kuliko 12 waliopangwa foleni.

Kabla ya hapo kuna kazi kavu kidogo ambayo wengi huiruka: kuweka mipaka. Azimio lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na Mwalimu Nyerere alitoka madarakani Novemba 1985. Ni tarehe rahisi kukariri, ila ni tarehe za siasa, na vitabu havikuzifuata. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, lakini Utubora Mkulima ilitoka 1968. Asiyejua historia hiyo ataona mtu aliyeacha kazi ya ofisini akaenda kulima, atatazama mwaka wa kuchapishwa, na atasema kwa uhakika kabisa kwamba mwandishi alikuwa akiitikia wito wa Azimio. Maskini, alikuwa kaburini. Mfano wa Aniceti Kitereza ni mkubwa zaidi. Aliandika Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe, akaimaliza 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaichapisha 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Je, ni mwandishi wa enzi ya mkoloni au wa enzi ya Ujamaa?

Unaweza kutumia mwaka wa kuandikwa, mwaka wa kuchapishwa, au miaka ya matukio yanayosimuliwa. Vyovyote utakavyoamua, waambie wanafunzi na usiyumbe. Mimi hutumia mwaka wa kuchapishwa, kwa sababu hapo ndipo kitabu kilipoanza kusomwa na kubishiwa. Kuli ya Shafi Adam Shafi inasimulia mgomo wa makuli wa bandari ya Unguja wa mwaka 1948, lakini ilitoka 1979. Mzanzibari aliyeamua mwaka 1979, miaka 15 baada ya Mapinduzi, kuandika juu ya mgomo wa makuli chini ya Waingereza, alikuwa akiwaambia jambo wasomaji wa 1979. Darasa linalosoma Kuli kama kumbukumbu ya 1948 tu limepoteza nusu ya kitabu.

Mpaka wa pili ni wa nchi. Je, unafundisha fasihi ya Tanzania au fasihi ya Kiswahili? Swali hili huonekana la kiutawala hadi ufike kwa Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Alifungwa miaka mitatu huko Kenya, kuanzia 1969, kwa sababu ya kijitabu cha Kenya: Twendapi? kilichoihoji serikali. Akiwa gerezani Kamiti aliandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni. Alipotoka 1972 alikwenda Dar es Salaam kufanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na Sauti ya Dhiki ikachapishwa 1973. Mwaka uliofuata diwani hiyo ilipata Tuzo ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Ukiuchora mpaka wako kwa kalamu ya wizara, mtu huyu anabaki nje. Naye, kama nitakavyoeleza, ndiye anayeubadilisha ugomvi mmoja mzima.

Ugomvi huo ni wa ushairi, na kama una nafasi ya kuchagua ugomvi mmoja tu, chagua huu. Una faida tatu za darasani: mashairi ni mafupi, nakala zake ni rahisi kushughulikia, na wanafunzi huja tayari na maoni. Upande mmoja walikuwapo wanamapokeo, ambao walishikilia kwamba shairi lisilo na vina na mizani si shairi. Saadan Kandoro, mmoja wa waasisi wa TANU, alikuwa wa upande huu, na Mashairi ya Saadani ilitoka 1972. Mathias Mnyampala naye, ingawa alifariki 1969, aliacha Ngonjera za UKUTA, zilizochapishwa 1970 na 1971. Majibizano hayo ya kishairi yaliingia mashuleni na kwenye mikutano kueneza siasa ya Ujamaa. Upande wa pili wakaja vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974, na katika utangulizi wake akalitetea shairi lisilofungwa na vina. Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi wakatoa Malenga wa Bara, kisha Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979, ambamo utetezi umepangwa kwa hoja za kinadharia. Wanamapokeo waliziita tungo hizo guni na maneno mengine makali zaidi.

Mwalimu mvivu ataishia hapo: wazee dhidi ya vijana, mapokeo dhidi ya usasa. Wanafunzi watapiga makofi upande wa vijana na kwenda kunywa chai. Sasa mlete Abdilatif Abdalla. Huyu ni mwanamapokeo hasa, vina na mizani vimekaa sawasawa, lugha ni Kimvita kilichokomaa, na ndani yake mna upinzani wa kisiasa mkali kuliko wowote uliomo katika Kichomi. Ghafla mlinganyo unavunjika. Kumbe kufuata kanuni za kale hakukumfanya mtu awe mtiifu kwa serikali, na kuzivunja kanuni hakukumfanya mwingine awe mwasi. Wapange Kandoro, Abdalla na Kezilahabi, mashairi kama kumi kwa kila mmoja, na wiki ya nne mwachie kila mwanafunzi aandike kumtetea yule asiyempenda. Utakuwa umefundisha siasa ya umbo la fasihi bila kulitaja jina hilo, kwa waandishi watatu tu.

Mtu atauliza kwa nini nimewaacha Mulokozi na Kahigi wakati ndio waliojenga hoja. Nimewaacha kama washairi, si kama wahakiki. Utangulizi wao someni kwa sauti darasani katika kipindi kimoja na uingie kwenye mjadala. Si lazima kila mtu mwenye hoja apewe wiki yake.

Ugomvi wa pili ni wa kijiji. Baada ya Azimio, na hasa wakati wa Operesheni Vijiji katika miaka ya 1973 hadi 1976, waandishi wengi waliandika juu ya kijiji cha Ujamaa. Mwanzoni uandishi ulikuwa wa kuunga mkono. Tamthiliya ya Ngalimecha Ngahyoma, Kijiji Chetu, ya 1975, na riwaya ya John Ngomoi, Ndoto ya Ndaria, ya 1976, ni mifano ya imani hiyo. Kisha sauti zikaanza kubadilika. Kezilahabi katika Dunia Uwanja wa Fujo ya 1975 anampa Tumaini mali, kisha anamfikisha kwenye mauaji na kitanzi. Katika Gamba la Nyoka ya 1979 anavileta vijiji viwili, Kisole na Bucho, na wasomi wawili, Mamboleo na Mambosasa, na kuhama kwa nguvu kunasimuliwa bila kuficha. Claude Mung'ong'o akafuata na Njozi Iliyopotea mwaka 1980, na jina la kitabu limekwisha kusema.

Hapa nina upendeleo na sioni sababu ya kuuficha. Walimu wengi wakimfikiria Kezilahabi na Ujamaa hukimbilia Dunia Uwanja wa Fujo kwa sababu ina kisa, ina mauaji na ina mwisho wa kutisha. Mimi ningewapa Gamba la Nyoka. Kisa chake hakikazi sana na wahusika ni wengi, lakini ndicho kitabu ambamo watu wa kijijini wanaonekana wakiwa na akili zao. Hawapo ili kupigwa na serikali wala kuokolewa na wasomi. Wanakataa, wanakubali, wanadanganya viongozi, wanadanganyana. Mwanafunzi ambaye babu yake alihamishwa katika operesheni, na wapo wengi, atakuja darasani na kisa cha nyumbani kwao. Kitabu kinachofungua midomo ya namna hiyo kina thamani zaidi ya kitabu kilichosukwa vizuri.

Lakini usimpe Kezilahabi peke yake neno la mwisho. Hili ni kosa la kawaida: mwalimu anachagua mkosoaji bila kuchagua kilichokosolewa. Wanafunzi wa leo hawana kumbukumbu ya Azimio. Wakisoma kejeli bila kusoma imani, wataona Ujamaa ulikuwa mzaha tangu siku ya kwanza na watashangaa kwa nini wazazi wa wazazi wao waliuamini. Kwa hiyo weka Kijiji Chetu kabla ya Gamba la Nyoka, hata kama unaiona tamthiliya dhaifu. Waandishi wadogo wa kipindi wana kazi yao. Wanatuonyesha kilichokuwa kinasemwa na kila mtu, na bila hilo hatuwezi kupima ujasiri wa aliyesema tofauti. Tamthiliya husomwa kwa muda mfupi tu, kwa hiyo haitakugharimu sana.

Ugomvi wa tatu ni wa mwanamke, nao ndio unaoharibiwa zaidi na orodha za usawa. Penina Muhando huwekwa kama mwakilishi: wanaume sita, mwanamke mmoja, tumemaliza. Akiingia hivyo, darasa litamsoma kama mwakilishi, yaani litamsoma vibaya. Mpe mtu wa kubishana naye. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka 1971 na kwa muda ikapigwa marufuku mashuleni. Zakaria anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, na kuanzia hapo maisha ya Rosa yanateremka hadi kujiua. Ni kitabu chenye huruma kwa mwanamke, lakini ni huruma ya mwanamume anayetazama. Sasa fungua Nguzo Mama ya Muhando, ya 1982. Katika kijiji cha Patata, Bi Msimulizi anatueleza habari za wanawake wanaotaka kuisimamisha nguzo. Kila mmoja ana shida yake, kila mmoja ana sababu ya kuondoka, wanagombana wao kwa wao, na nguzo haisimami. Hakuna mhusika mmoja wa kumlilia. Kuna kazi isiyofanyika, na sababu zake zote tunaziona jukwaani.

Wape wanafunzi sehemu mbili: ukurasa wa kipigo katika Rosa Mistika, na onyesho moja la Nguzo Mama ambapo wanawake wanajaribu kuinyanyua nguzo. Waigize hilo la pili. Msiwe na jukwaa, tumieni benchi refu la darasani badala ya nguzo, na wanyanyue kweli. Watakapoanza kulaumiana juu ya nani hanyanyui, watakuwa wameingia ndani ya tamthiliya kuliko mhadhara wowote ungeweza kuwaingiza.

Na kama una nafasi ya mwanamke wa pili, usimtafute anayerudia alilosema wa kwanza. Ndyanao Balisidya, aliyefariki 1987, aliandika Shida mwaka 1975, na mhusika wake mkuu ni kijana wa kiume, Chonya, anayekwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Darasa linalotegemea kila mwandishi wa kike aandike kuhusu wanawake litalazimika kufikiri upya. Martha Mvungi na Hana Hatia yake, ya mwaka huohuo, anastahili kutajwa pia. Basi, sitaki kurudi kwenye foleni ya majina niliyokuwa naikemea.

Juu ya Zanzibar nina jambo moja tu. Usichukue Mzanzibari mmoja kuwa mfano wa wote. Mohamed Suleiman Mohamed, Said Ahmed Mohamed na Shafi Adam Shafi waliandika miaka ileile juu ya visiwa vilevile, na hawafanani. Kasri ya Mwinyi Fuad ya Shafi, ya 1978, inamtazama mwenye mashamba na mtumishi wake Kijakazi, ambaye utiifu wake ndio unaomsumbua msomaji. Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya 1976, ina Kiswahili ambacho, kwa maoni yangu, hakuna riwaya nyingine ya kipindi hiki inayokifikia. Wanafunzi wa bara watapata taabu na msamiati wake, na taabu hiyo ni sehemu ya somo. Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya 1980, ndiyo rahisi zaidi kwa kidato. Kama somo lako ni Mapinduzi, chukua Shafi. Kama somo lako ni lugha, chukua Nyota ya Rehema na uweke kamusi mezani.

Sasa hesabu. Muhula wa wiki 15 si wiki 15. Ya kwanza huliwa na kujiandikisha, kati kuna majaribio na sikukuu, ya mwisho ni ya marudio. Una wiki 12 za kusoma. Riwaya haisomwi chini ya wiki mbili na wanafunzi wenye masomo mengine. Tamthiliya ni wiki moja, na diwani, ukichagua mashairi, nayo ni wiki moja. Kwa hiyo riwaya tatu zinakula wiki sita, tamthiliya mbili wiki mbili, diwani tatu wiki tatu, na inabaki wiki moja ambayo nina mipango nayo. Hivyo ni vitabu vinane. Kezilahabi akiingia mara mbili, kama mshairi na kama mwandishi wa riwaya, inabaki nafasi ya waandishi saba, na hiyo ndiyo orodha ndefu kabisa ninayoweza kuivumilia. Kwa kikundi cha usomaji kinachokutana mara moja kwa mwezi, gawanya kwa mbili.

Usiandike jina lolote kwenye mpango wa somo kabla hujakishika kitabu mkononi. Si kuona kinatajwa kwenye makala wala kukikumbuka kutoka chuoni. Vitabu vingi vya zama hizi vilitoka kwa wachapishaji ambao leo hawapo au hawavirudii, na nakala zilizobaki ziko katika maktaba za vyuo, maktaba za mikoa na rafu za walimu wastaafu. Hao wa mwisho usiwadharau. Piga simu, omba kwa adabu, rudisha kitabu. Kitabu kikiwa na nakala moja tu mjini, kinaweza kufundishwa kama dondoo inayosomwa kwa sauti darasani, lakini hakiwezi kuwa kitabu kikuu. Na kutoa fotokopi ya kitabu kizima kwa wanafunzi 60 wakati kingali kinauzwa dukani ni kumwibia mwandishi, au warithi wake. Mwalimu wa fasihi hana udhuru wa kutolijua hilo.

Kwa hiyo unaweza kulazimika kubadilisha. Ukitaka Gamba la Nyoka ukaikosa, usiweke Nagona badala yake kwa kuwa mwandishi ni yuleyule. Nagona ilitoka 1990, ni ya falsafa na mafumbo, iko nje ya kipindi chako na nje kabisa ya ugomvi wako. Afadhali Dunia Uwanja wa Fujo au Njozi Iliyopotea. Kinachobadilishwa ni mwandishi, ugomvi unabaki. Walimu wengi hufanya kinyume: wanalishikilia jina na kuuacha mjadala ufe.

Kuhusu Ebrahim Hussein, ambaye wengine wamekwisha kukunja uso kwamba sijamtaja tangu aya ya kwanza: Kinjeketile ya 1969 inafundishika popote, kuanzia kidato hadi chuo. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 wanavijua kutoka historia, na swali la kiongozi ambaye neno alilolitoa limekuwa kubwa kuliko yeye linaeleweka hata kwa asiyejua lolote la tamthiliya. Mashetani ya 1971 ni jambo jingine. Juma na Kitaru, mchezo wao wa shetani na binadamu, na mbuyu, vinahitaji darasa lililokwisha kusoma pamoja kwa wiki kadhaa na kuanza kuaminiana. Ukiipanga wiki ya pili utaua hamu yao yote. Iweke baada ya Kinjeketile au usiiweke.

Kuna kundi ambalo orodha za vyuo huliacha kwa aibu isiyo na msingi. Miaka hiyohiyo ambayo wasomi walibishana juu ya vina, watu kwenye mabasi walikuwa wakimsoma Elvis Musiba. Kufa na Kupona ilitoka 1974, mwaka mmoja na Kichomi, na jasusi wake Willy Gamba anapigana kwa ajili ya ukombozi wa Afrika, kwa hiyo siasa ya zama imo tele. Muhammad Said Abdulla na Bwana Msa wake walikuwa wametangulia, Mzimu wa Watu wa Kale ikiwa ya 1960. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla nayo ilitoka 1965. Mwanafunzi anayejua Kezilahabi na hamjui Willy Gamba anajua kipindi kilichoandikwa, hajui kipindi kilichosomwa. Weka mmoja wao. Mwanafunzi asiyependa kusoma atamaliza kitabu hicho usiku mmoja, na hapo utakuwa na la kumuuliza: kwa nini hiki umekimaliza?

Jambo la kiutawala, kwa wanaofundisha shule. Rosa Mistika bado inaweza kuleta malalamiko ya wazazi. Mwambie mkuu wa shule mapema, mpe kitabu akisome mwenyewe, na uwe na maelezo yaliyoandikwa ya kwa nini kimechaguliwa. Maelezo hayo yawe ya ukurasa mmoja na yataje ugomvi wenyewe, si sifa za mwandishi. Andika ukurasa kama huo kwa kila kitabu, hata kisicho na hatari. Ukishindwa kuujaza, kitabu hicho hakina kazi katika orodha yako, hata kama kimeandikwa na gwiji.

Walioachwa wasiachwe kimyakimya. Siku ya kwanza, wape wanafunzi orodha ndefu ile uliyoianza, majina yote 12 au 20, miaka ya vitabu vyao, na sentensi moja kwa kila aliyekatwa: kwa nini hayumo. Mwanafunzi mzuri ataanza kukubishia hapohapo.

Wiki ile moja iliyobaki ni ya mabishano hayo. Iache wazi kwenye ratiba tangu mwanzo, bila jina. Wiki ya sita waambie wajigawe makundi, na kila kundi lilete mwandishi mmoja aliyeachwa, kwa masharti matatu: kitabu kiwe kimechapishwa ndani ya mipaka mliyokubaliana, kundi liwe na nakala mkononi, na lionyeshe kwa ukurasa na kwa mfano ni nani kati ya waliokwisha kusomwa ambaye mwandishi huyo anagombana naye. Kundi linalosema tu kwamba mwandishi wao ni maarufu lirudi kutafuta. Wakishawasilisha, darasa lipige kura, na atakayeshinda ndiye atakayesomwa wiki hiyo iliyoachwa wazi, akiwa Kitereza, akiwa Ruhumbika, akiwa Musiba. Mwalimu hapigi kura, ila aende maktaba mapema kuhakikisha nakala zitatosha.